Mita tatu na nusu: hesabu ya lori na baiskeli

Lori linapomgonga mwendesha baiskeli kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, mjadala huwa ule ule. Wako wanaosema madereva wa malori hawana utu, wanatafuna mirungi na kukesha barabarani. Wako wanaosema watu wa baiskeli hawajui sheria, hawana taa, wanakatiza bila kugeuza shingo. Taarifa ya polisi inatoka, chanzo kinatajwa kuwa uzembe, watu wanazika, na wiki inayofuata sote tumehamia kwenye basi lililopinduka.

Uzembe upo, sibishi. Lakini tumeuegemea mno hata tumesahau kuipima barabara yenyewe. Ukiipima utakuta kwamba sehemu nyingi hata dereva mstaarabu kuliko wote na mwendesha baiskeli mwangalifu kuliko wote hawaenei pale kwa wakati mmoja. Ugomvi wa lori na baiskeli ni ugomvi wa nafasi, macho na muda, na wanaogawa vitu hivyo vitatu hawapo barabarani ajali inapotokea. Wapo ofisini.

Tuanze na nafasi, maana yenyewe haihitaji falsafa, inahitaji futi ya kupimia. Upande mmoja wa barabara zetu kuu za njia mbili una upana wa mita 3.25 hadi 3.5. Lori lina mita 2.5 hivi, vioo havijahesabiwa. Baiskeli tupu ina sentimita 60 kwenye usukani, ila baiskeli tupu ni ya mwanafunzi. Phoenix ya mtu mzima aliyetoka Kisarawe na magunia ya mkaa, au ya mkulima wa Igurusi aliyefunga mpunga nyuma, inafika mita nzima kwa upana. Halafu kuna ile hewa inayotakiwa kubaki kati ya chuma na mtu. Ufaransa sheria inadai mita 1 mjini na 1.5 nje ya mji. Uingereza iliandika mita 1.5 kwenye kanuni zake za barabarani mwaka 2022. Chukua hiyo mita 1.5. Jumla ni mita 5 kwenye njia ya mita 3.5.

Maana yake ni kwamba lori haliwezi kuipita baiskeli salama likiwa limebaki upande wake. Lazima lihame, na sehemu kubwa ya mwili wake iingie njia ya wanaokuja. Na kama kuna lori jingine linakuja? Barabara nzima ni mita 7. Malori mawili yamekula 5, baiskeli ya mzigo imekula 1. Imebaki mita 1 ya kugawana mara tatu: kati ya lori na lori, kati ya lori na baiskeli, kati ya baiskeli na ukingo. Kila mmoja anapata kama rula ya mtoto wa shule. Anayeyumba kidogo kwa upepo wa tela, au kwa sababu gunia limehama, ndiye tunayesoma habari zake.

Kwa hiyo "kupishana kwa ustaarabu" mahali kama hapo ni maneno matupu. Kuna jambo moja tu linalowezekana: lori kupunguza mwendo, kukaa nyuma ya baiskeli, na kusubiri njia iwe wazi. Madereva wengi watacheka wakisoma hivyo. Nasubirije baiskeli na mzigo wa Lubumbashi unasubiriwa? Basi tuhesabu na hilo. Baiskeli inakwenda kilomita 15 kwa saa. Ukiifuata kwa mita 300 unatumia sekunde 72. Mita hizo hizo kwa mwendo wa 60 ungezimaliza kwa sekunde 18. Umepoteza chini ya dakika moja. Dereva huyo huyo atasimama kwenye foleni ya mizani ya Vigwaza, kisha Mikese, na akifika Tunduma anaweza kulala siku kadhaa akisubiri kuvuka mpaka wa Zambia. Dakika moja haipo kabisa katika safari ile.

Ila nisiwaonee madereva. Kuna sababu za kweli zinazowafanya wasisubiri, na hazitokani na roho mbaya. Lori lenye uzito wote wa tani 56, ambao ndio ukomo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, halipunguzi mwendo bure. Likipoteza kasi chini ya mlima, litapanda kwa gia ya chini mpaka kileleni, na mafuta yatakayoungua ni ya kupimiwa. Madereva wengi hupewa lita za safari, na zikipungua maswali ni yao. Posho nayo ni ya safari. Ukichelewa hakuna anayekuongezea. Mgomo wa madereva wa Aprili 2015, ule uliosimamisha mabasi na malori nchini, ulihusu kulazimishwa kurudi darasani kila wanapotaka leseni mpya, lakini pia ulihusu mikataba ya ajira. Wengi tulikumbuka darasa tukasahau mikataba. Mtu anayelipwa kwa kufika hawezi kufundishwa kwa semina ya siku mbili kwamba kuchelewa ni sawa. Mwajiri akitaka dereva wake aisubiri baiskeli, aandike kwenye ratiba muda wa kuisubiri.

Sasa macho. Hapa ndipo wapanda baiskeli wengi wanapokosea, na hawakosei kwa ujinga. Hakuna aliyewahi kuwapandisha kwenye kichwa cha lori wakaona kinachoonekana na kisichoonekana. Dereva anakaa juu, macho yake yakiwa zaidi ya mita mbili kutoka ardhini, upande wa kulia. Chini ya mlango wa kushoto kuna eneo ambalo dirisha haliliambii kitu, na kioo kinaonyesha kipande tu. Mbele kabisa, karibu na bampa, mtu mzima anaweza kusimama asionekane. Nyuma ya tela hakuna kioo kinachofika. Kwa nchi inayoendesha kushoto, baiskeli inatakiwa kisheria ikae kushoto, yaani upande ule ule ambao dereva anauona vibaya zaidi. Utingo akiwa macho anasaidia. Utingo akiwa amelala, upande huo hauna mtu.

Ajali mbaya kuliko zote kwenye makutano hutokea hivi, na inafaa kuielewa hatua kwa hatua. Lori refu linataka kukata kona kushoto. Haliwezi kukata moja kwa moja, kwa sababu magurudumu ya tela hayafuati njia ya kichwa. Yanapita ndani zaidi, yanakaribia ukingo. Dereva analijua hilo, hivyo kwanza anavuta kulia kutafuta nafasi. Mwendesha baiskeli aliye nyuma anaona lori limehamia kulia, kushoto kumefunguka kama mlango, naye anaingia. Indiketa ya kushoto inawaka, lakini iko kwenye kona ya nyuma ya tela ambayo ameshaipita, au imefunikwa na tope. Lori linaanza kujikunja. Kichwa kimeshapita, yeye yuko katikati ya tela, ukuta wa chuma unasogea kushoto polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hagongwi kwa kasi. Anasukumwa, anaanguka, na magurudumu ya nyuma yanakuja. Dereva mara nyingi anajua baada ya watu kupiga kelele.

Waliolichunguza jambo hili kwa undani ni London, na takwimu zao zinashtua. Kati ya 2015 na 2017 malori makubwa yalikuwa asilimia 4 tu ya mwendo wote wa magari jijini humo, lakini yalihusika katika asilimia 63 ya vifo vya wapanda baiskeli. Hawakuishia kuhubiri. Polisi wa jiji walianza kuegesha lori barabarani na kuwakaribisha waendesha baiskeli wakae kwenye kiti cha dereva, wajionee. Halafu mamlaka ya usafiri ikaanza kuyapa malori nyota kulingana na kiasi ambacho dereva anaona moja kwa moja kupitia madirisha, bila kutegemea vioo. Tangu Machi 2021 lori la zaidi ya tani 12 lisilofikia kiwango haliingii jijini bila kufungwa vifaa vya ziada, na Oktoba 2024 kiwango kikapandishwa hadi nyota tatu.

Nimeitaja London kwa sababu ya kibiashara. Uingereza inaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo malori yake yaliyotumika yana usukani upande wetu, na mengi huishia Afrika Mashariki. Lori linaloonekana limepitwa na wakati kule linaoshwa, linapakiwa melini, linashuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa na kuanza maisha mapya. Wenzetu wanaondoa vichwa visivyoona vizuri. Sisi tunavipokea, kisha tunavifunga tela lililoundwa gereji ambalo mara nyingi halina hata zile ngao za ubavuni, vyuma vinavyozuia mtu asiingie chini ya tela akianguka. Ulaya ilianza kuzilazimisha ngao hizo miaka ya themanini. Ni mabomba na bati tu. Fundi wa Tabata anaweza kuzichomea asubuhi moja.

Mambo yanageuka zaidi ukivuka mpaka. Lori la Tanzania linaloingia Burundi kwa Kobero, Rwanda kwa Rusumo, au Kongo kwa Kasumbalesa baada ya kupita Zambia, linahama kutoka kuendesha kushoto kwenda kulia, huku usukani ukibaki pale pale. Baiskeli sasa iko chini ya dirisha la dereva, anaiona vizuri kuliko alivyokuwa akiiona nyumbani. Lakini akitaka kuipita hawezi kuona wanaokuja mbele mpaka kichwa kizima kimetokeza katikati ya barabara. Anamuuliza utingo. Maisha ya mtu wa baiskeli yanategemea makadirio ya kijana wa miaka ishirini aliyechungulia dirishani.

Na Burundi ndiko uhusiano wa lori na baiskeli ulipofika mahali ambapo mtu wa ofisini hawezi kupaota. Barabara ya RN1 inatoka Bujumbura, pale ziwani kwenye kimo cha mita 800 hivi, inapanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000. Vijana wanaochukua ndizi na mkaa milimani hawapandi kwa kukanyaga pedali. Wanashika nyuma ya lori. Wakati mwingine wawili watatu kwenye tela moja, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwenye usukani, kilomita nyingi za kona. Kisha wanashuka na mzigo kwa kasi inayoyaacha magari. Watu wamekufa kwa kazi hiyo, kila mtu njia hiyo anajua. Lakini kabla ya kuwaita wendawazimu, jiulize mtu mwenye baiskeli na bila nauli ya mzigo afike vipi Bugarama mara moja kwa siku. Lori lile lingeweza kuwabeba na baiskeli zao kwa senti kidogo kama kungekuwa na utaratibu. Hakuna, hivyo wanaubeba utaratibu wao kwa mkono.

Machi 2022 mamlaka za Burundi zilichagua dawa nyepesi: baiskeli, pikipiki na bajaji zikapigwa marufuku katikati ya Bujumbura. Usafiri ukawa tabu na watu wakatembea kwa miguu. Naitaja kwa sababu kila ajali kubwa ikitokea kwetu hukosi mtu wa kusema baiskeli ziondolewe barabara kuu. Ziende wapi? Kati ya Chimala na Igurusi barabara kuu ndiyo barabara ya kijiji. Ndiyo ya shule, ya mashineni, ya zahanati. Lori ndilo mgeni pale, ingawa ni mgeni mkubwa.

Kinachohitajika pale ni bega la barabara linalopandika. Barabara nyingi zilizojengwa upya zina mabega ya lami ya mita 1.5 au zaidi, na kwa kipimo hicho hesabu yetu ya mwanzo inaanza kukubali. Ajabu ni kwamba baiskeli nyingi bado zinakuwa ndani ya mstari. Dereva anakasirika: njia yao si ile? Panda baiskeli yenye kilo mia uone. Yale matuta madogo madogo ya kuamsha madereva, yanayokuja kwa mafungu kabla ya kijiji, yamepitishwa mpaka ukingo wa bega. Gari linatetemeka kidogo. Baiskeli ya mzigo inafunguka kamba. Kwa hiyo mtu anakwepa, na njia ya kukwepa ni kulia, mbele ya lori. Penye matuta makubwa mambo ni kinyume chake: tuta limeishia kabla ya ukingo, pamebaki upenyo, na baiskeli, bodaboda na wakati mwingine hata Noah zinaugombania upenyo huo. Ongeza malori yaliyoegeshwa begani, vipande vya matairi yaliyopasuka, meza za nyanya na vitunguu, na mahali ambapo lami imekatika ikaacha ngazi. Mhandisi anayesanifu matuta angetakiwa kuyapitia kwa baiskeli kabla ya kusaini. Sina utani. Ni sharti rahisi kuliko mengi yaliyomo kwenye zabuni.

Kuna pia mifereji. Malori mazito kwenye lami ya joto yameiminya barabara ya Tunduma mpaka ikaacha mabonde mawili yanayofuata matairi, na kati yake tuta refu la lami iliyofurika. Gari linapita. Gurudumu jembamba la baiskeli likiingia humo halitoki kirahisi, na anayelilazimisha anaangukia barabarani.

Mwendesha baiskeli naye ana yake, na sitamfichia. Usipite kushoto kwa lori lililosimama au linalopunguza mwendo karibu na makutano, hata kama foleni ina kilomita. Ukitaka kujua kama dereva anakuona, tafuta uso wake kwenye kioo. Usipouona, kwake haupo. Usiku, hesabu ni kali zaidi. Taa za chini humulika mita 40 hivi. Lori linalokwenda 80, ukomo wa magari mazito kisheria, linapita mita 33 kabla mguu wa dereva haujagusa breki, tukimpa sekunde moja na nusu ya kushtuka. Zimebaki mita 7 za kusimamisha tani 56. Hakuna breki ya upepo inayofanya hivyo. Kiakisi mwanga cha nyuma, kile kijiduara chekundu ambacho watu hukivunja siku ya kwanza kwa kufunga mzigo, kinaonekana mara kadhaa ya umbali huo. Kifunge kwenye mzigo wenyewe, nyuma kabisa, siyo kwenye madigadi yaliyofunikwa na gunia.

Na wale wanaoendesha kulia, wakitazamana na magari, kwa hoja kwamba afadhali ukione kinachokuja? Naielewa hofu yao. Kusikia semi inakuja mgongoni bila kuiona ni adhabu. Lakini kwa mtembea kwa miguu hoja hiyo inafanya kazi kwa sababu anaweza kusimama na kuruka pembeni. Baiskeli hairuki. Ukiwa upande wako, lori la 80 linakukaribia kwa tofauti ya 65. Ukiwa upande wa kulia mnakutana kwa 95, na dereva hakutarajia kukuona hapo. Kioo kidogo cha pikipiki kikifungwa kwenye usukani kinatibu hofu hiyo vizuri zaidi.

Hayo yote ni ya mtu mmoja mmoja, na yana mwisho wake. Mtihani wa leseni ya malori ungeweza kuwa na sehemu moja ya kuendesha baiskeli ya mzigo begani mwa barabara huku lori likipita. Dereva aliyewahi kusukumwa na upepo ule habani tena kwa makusudi. Kampuni zinaweza kubadili posho. Lakini zikibadili moja moja, ile inayosubiri itanyang'anywa mzigo na ile inayokimbia, na kila mwenye malori analijua hilo kabla sijaliandika. Ndiyo maana naangalia mizani.

Kila lori la mizigo mizito linasimama pale. Linapimwa ekseli kwa ekseli chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari, sheria iliyotungwa kulinda lami. Lori limeshasimama, dereva ameshashuka na karatasi mkononi, afisa yuko pale. Kukagua kama kuna kioo kinachoonyesha chini ya mlango wa kushoto, kioo cha mbele cha kuangalia bampa, ngao za ubavuni na indiketa ya katikati ya tela kunachukua dakika tatu. Kipengele hicho kikiingizwa kwenye sheria ile ile, kinawabana wasafirishaji wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi kwa siku moja, na hakuna atakayelalamika kwamba mshindani wake ameachwa. Faini ya kuzidisha uzito tayari inawatisha kuliko trafiki. Kukosa ngao kukipewa faini ya ukubwa huo huo, mafundi wa Tabata watakuwa na foleni ndefu kuliko ya Tunduma.